Miaka yote navaa 43, leo raba ya ngozi ya Kiitaliano 43 inanipwaya. Wakuu, namba yangu ni ipi?

MwishoWaReli
Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma, Mwanga. Naomba msaada, na wa kucheka acheke ila aache na ushauri.

Tangu nipo sekondari navaa 43. Raba za mtumba soko la Mwanga nachukua 43, viatu vya ofisini 43, hata gambuti la masika 43. Mwezi uliopita nikajilipua. Nikaagiza raba nyeupe za ngozi, zile simpo za Kiitaliano zenye namba za dhahabu ubavuni karibu na kisigino, mtumba kamera (ule wa chaguo la kwanza), kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni aliyeko Dar. Laki mbili na themanini, nauli ya basi juu yangu. Nilimuuliza zinakujaje kwenye mguu, akanijibu "kaka, 43 ni 43 tu". Nikatuma hela.

Mzigo ukafika stendi ya Masanga Ijumaa, Jumamosi harusi ya binamu yangu Ujiji. Jamani. Nikipiga hatua mguu unaondoka, kiatu kinabaki. Kisigino kinapanda kwap, kinashuka kwap, kuna mtoto nyuma yangu akawa ananiigiza mwendo. Nikaongeza soli ya ndani ya pili, mguu ukapanda juu na ukingo wa nyuma ukaanza kunikata chini ya kifundo. Nikasokomeza pamba mbele, pamba ikajikunja ikawa kama nimekanyaga embe. Nimerudi na malengelenge mawili kisigino cha kulia, moja limeshapasuka.

Muuzaji hapokei simu. Je, mguu wangu umepungua, au 43 ya Italia siyo ya huku?

Kandambili
Laki mbili na themanini kwa kiatu cheupe, kwenye vumbi la Kigoma. Mguu haujapungua mkuu, kilichopungua ni hela. Naendelea na uji wangu.

Mgebuka
Nimekaa paleee nasubiri wataalamu. Swali zuri hili, mimi mwenyewe kwetu nina 42 zinanibana na 41 zinanipwaya.

SindanoNaUzi
Mleta uzi pole. Mimi ni fundi viatu Ujiji, nimeshika viatu vya watu kabla wewe hujaanza hiyo sekondari.

Mguu wako haujapungua. Tatizo ni kwamba hiyo 43 haijawahi kuwa kipimo cha mguu wako. Ni kipimo cha kalibu, lile gogo lenye umbo la mguu ambalo kiatu hushonewa juu yake. Namba za Ulaya zinapanda kwa theluthi mbili za sentimita, yaani milimita 6.67 kila namba. Zidisha 43 kwa theluthi mbili utapata sentimita 28.67, huo ni urefu wa kalibu. Ukishafika hapo, kila kiwanda kinaamua chenyewe kiache nafasi kiasi gani mbele ya vidole, na kalibu iwe na pua ya duara au iliyochongoka. Huyu ataacha sentimita moja na nusu, yule mbili. Zote zitaandikwa 43 na hakuna aliyedanganya.

Waingereza wana hesabu yao ya theluthi ya inchi, ilianzia kwenye urefu wa punje ya shayiri, milimita 8.47 kwa namba nzima. Ndiyo maana kwenye adidas unakuta vitu vya ajabu kama 42⅔ na 43⅓. Wale wanahesabu kwa nusu namba za Kiingereza halafu wanazigeuza kuwa za Ulaya, zinagoma kuangukia kwenye namba kamili.

Sasa fanya hivi, usinijibu kwa namba ya kiatu, nijibu kwa sentimita. Pima jioni ukishatoka kazini, mguu uwe umevimba wa kutosha. Vaa soksi utakayovalia. Weka karatasi sakafuni, kisigino kiguse ukuta, simama uzito wote juu ya mguu huo. Mtu mwingine ndiye achore, maana ukiinama wewe mguu unakimbia. Penseli isimame wima. Pima hadi kidole kirefu kuliko vyote, na kwa wengine hicho siyo dole gumba, ni cha pili. Miguu yote miwili. Kisha kata kipande chembamba cha karatasi ngumu, kisukume ndani ya hiyo raba hadi kiguse mbele na nyuma bila kujikunja, ukipime nacho.

MwishoWaReli
Fundi, shikamoo. Mama watoto ameshika penseli. Kulia 26.6, kushoto 27.0. Karatasi ya ndani ya kiatu 28.6.

Na nimegeuza ulimi wa raba yangu ya mtumba ya Nike, ile inayonikaa vizuri kuliko zote. Imeandikwa EUR 43, US 9.5, UK 8.5, CM 27.5.

SindanoNaUzi
Marahaba. Umejijibu mwenyewe. Kwenye raba ya ngozi ya mtindo huo nafasi mbele ya kidole iwe kati ya milimita 8 na 12, karibu nusu ya upana wa kidole gumba cha mkono. Wewe kushoto una milimita 16, kulia 20. Sasa angalia malengelenge yako yako mguu gani.

MwishoWaReli
Kulia! Eeh.

IsevyaKwetu
Mwangaluka wakuu, natokea Tabora. Nimeuza raba miaka kadhaa, niongezee kwenye maneno ya fundi.

Kwa maelezo ya namba za dhahabu hizo ni Common Projects, kampuni ya tangu 2004, zinashonwa Italia. Hizo zinajulikana dunia nzima kuwa ni kubwa, mtu hushuka namba nzima kutoka kwenye namba yake ya raba za mazoezi. Na hazina nusu, ni namba kamili tu. Mtu wa Nike 43 kama wewe huwa anaangukia 42. Hizo namba za dhahabu siyo pambo: nne za kwanza ni modeli, mbili zinazofuata ni saizi, nne za mwisho ni rangi. Kwa hiyo hata bila boksi saizi unaisoma ubavuni.

Nyingine ambazo watu huwa wanajikwaa: Gucci na Prada za kiume huandikwa namba za Kiingereza. Mtu anajijua ni 9 ya Marekani, anaona 9 kwenye soli, anafurahi, kumbe hiyo ni kubwa kuliko 9 ya Marekani na anaogelea. Alexander McQueen ile yenye soli nene, wengi hushuka nusu hadi moja. Air Force 1 ya Nike nayo ni ya ngozi na ipo tangu 1982, wengi hushuka nusu. Golden Goose za Venice hazina nusu, na baadhi zina kabari ndani inayoinua kisigino, kwa hiyo ukizivaa mara ya kwanza unahisi mguu unasukumwa mbele.

Angalieni pia Nike na adidas. UK 8.5 ya Nike imeandikwa CM 27.5, UK 8.5 ya adidas imeandikwa 27. Namba moja, nusu sentimita tofauti. Ndiyo maana mimi mteja akinitajia namba namuuliza "ya nani?"

Kandambili
Golden Goose si ndiyo zile zinazouzwa zikiwa zimeshachakaa kutoka kiwandani?

IsevyaKwetu
Ndizo mkuu. Zinachakazwa makusudi.

Kandambili
Ninazo pea tatu hapo nje mlangoni. Mwenye dola aje.

Halafu swali la maana, msinione mcheshi tu. Mpya za hizo namba za dhahabu zinazidi dola 400, zaidi ya milioni ya kwetu. Mwenzetu amepata kwa laki mbili na themanini. Nani kasema ni orijino? Namba za dhahabu hata kopi zinazo.

IsevyaKwetu
Hapo umegusa penyewe. Na linahusu saizi moja kwa moja. Ushauri wa "shuka namba moja" unafanya kazi kwa orijino peke yake, kwa sababu unahusu kalibu ya kile kiwanda. Kopi inashonwa kwenye kalibu yoyote iliyokuwepo karakana, mara nyingi ya raba ya kawaida. Nimeona mtu kashuka namba kwenye kopi akashindwa hata kuingiza vidole. Kwa hiyo mtumba au kitu usichokijua asili, sahau ushauri wa mtandaoni, mwambie muuzaji aingize karatasi ndani akutumie picha ikiwa juu ya rula. Akikataa umeokoa hela yako.

Ya mwenzetu karatasi inasema 28.6, karibu kabisa na ile hesabu ya fundi ya kalibu. Mimi naona orijino, ila sijaishika.

MamaPachaGungu
Jamani na sisi akina mama tusaidiwe. Mimi nilikuwa 39. Baada ya ujauzito wa kwanza nikawa 39 ya kubana, baada ya pacha nikawa 40 na haijarudi. Daktari kaniambia ni kawaida, kano za mguu hulegea wakati wa mimba na mguu unaweza kubaki umerefuka. Hilo nimelikubali. Ila tatizo langu ni upana. Nimekulia kijijini nikitembea pekupeku na kandambili, vidole vyangu vimefunguka kama kiganja. Raba za ngozi za nje zinaniminya pembeni, kwa hiyo nachukua 41 nipate upana, halafu kisigino kinachopoka. Nifanyeje?

Mgebuka
Dada umenisemea. Tatizo langu ndilo hilo hilo.

SindanoNaUzi
Mama pacha, shikamana na mimi hapa, maana hili ndilo kosa naloliona kila wiki dukani kwangu. Upana hautibiwi kwa urefu.

Kiatu kina mahali pake pa kukunjika. Ni pale mguu unapokunjika ukisimama kwa vidole, penye kile kifundo cha dole gumba. Kuna chombo cha chuma cha kupimia, alikibuni Charles Brannock wa Syracuse, Marekani, miaka ya 1920. Kinapima vitu vitatu: kisigino hadi ncha ya kidole, kisigino hadi hicho kifundo, na upana. Watu wawili wenye miguu ya sentimita 25 wanaweza kutofautiana kifundo kilipo, mmoja ana vidole virefu na mwingine vifupi. Ukichukua kiatu kirefu kupita mguu wako, sehemu pana ya kiatu inakuwa mbele ya sehemu pana ya mguu. Kwa hiyo unaendelea kubanwa pembeni na hapo hapo kisigino kinachopoka. Umelipa mara mbili.

Mleta uzi, chukua raba yako uiangalie juu kwenye pua. Mikunjo iko wapi?

MwishoWaReli
Iko juu ya vidole kabisa, karibu na mwisho. Mmoja umeingia ndani kama mstari wa kisu. Kwenye Nike ile ya zamani mikunjo iko nyuma zaidi, karibu na kamba ya kwanza.

SindanoNaUzi
Ndiyo dalili. Mimi mteja akinivulia kiatu nasoma mikunjo kabla sijamuuliza chochote. Ikiwa juu ya vidole kiatu ni kirefu. Ikiwa imeingia sana upande mmoja, ni mwendo wake.

Kwa mama pacha: rudi 40. Legeza kamba za matundu mawili ya chini kabisa, au ruka tundu la kwanza kabisa, pua itafunguka. Hakikisha ni ngozi halisi isiyo na rangi nzito ya plastiki juu, maana ngozi inakubali kutanuka upana milimita chache, plastiki haikubali. Ivae nyumbani jioni na soksi nene nusu saa nusu saa, wiki mbili. Pakigoma mahali pamoja, lete kwa fundi aweke kalibu yenye nundu pale pale panapouma. Msije mkaweka mfuko wa maji kwenye friza kama mnavyoona kwenye video, gundi ya soli haipendi mchezo huo. Wala magazeti mabichi ndani ya ngozi nyeupe, wino utakuhukumu.

Urefu ndio hautanuki. Raba hizi soli yake ni bakuli la mpira limeshonwa kuzunguka, fundi hana pa kuvutia.

AfandeMstaafu
Nawasalimu. Hili la namba jeshi nyingi za nje zilishalimaliza. Nikiwa kwenye ulinzi wa amani nje ya nchi niliona buti za wenzetu hazina 43 wala 9, zimeandikwa milimita za mguu kisha milimita za upana, mfano 270/102. Mguu wako ni 270, chukua 270. Mfumo huo upo kwenye viwango vya kimataifa, unaitwa Mondopoint. Askari hapotezi muda kujaribu.

Kwa nini wa raba za harusini hawaufuati, sijui mawazo yao. Labda mtu akijua anauziwa milimita atauliza bei ya kila moja.

Kandambili
Afande umeua.

DogoKatubuka
Kwani hakuna njia ya kumsaidia aendelee kuzivaa? Zimeshanunuliwa.

SindanoNaUzi
Zikizidi nusu namba zinaokolewa. Zikizidi namba nzima ni kujidanganya. Nusu namba fanya hivi: kipande chembamba cha sponji ngumu kibandikwe chini ya ulimi, siyo nyuma ya kisigino. Kikiwa chini ya ulimi kinausukuma mguu nyuma, kisigino kinakaa. Kile cha kisigino kinakusukuma mbele na kinakuongezea tatizo. Halafu tundu la juu kabisa la kamba ambalo hamlitumiagi, pitisha kamba kwenye tundu hilo upande huo huo iache kitanzi kidogo, vuka na ncha ya kamba uipitishe kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta. Kisigino kinafungwa.

Na kujaribu kiatu siyo kusimama kwenye kapeti ya dukani. Shuka nacho mteremko. Sisi wa Kigoma tunao wa bure, kutoka Mwanga kuteremka stesheni. Kidole kikigusa mbele, kifupi. Mguu ukiteleza kama samaki, kirefu.

MwishoWaReli
Nimefunga hivyo, nimeweka sponji, nimeteremka hadi karibu na stesheni. Kushoto kidogo afadhali. Kulia bado kwap. Nimekubali, zinauzwa. Mwenye mguu wa 27.5 hadi 27.8 aje. Laki mbili. Nimevaa mara moja na nusu.

MzeeWaAsali
Mimi niko Tabora, Ng'ambo. Nimepima kama fundi alivyoelekeza, binti yangu kachora: kulia 27.6, kushoto 27.5. Laki na nusu.

MwishoWaReli
Mzee wangu shikamoo. Nimekula hasara tayari. Laki na themanini, nauli yangu.

MzeeWaAsali
Marahaba mwanangu. Laki na sabini na chupa ya asali ya Sikonge.

Kandambili
Chukua asali mkuu, asali haina saizi.

MwishoWaReli
Imekwisha. Njoo inboksi mzee.

MgeniMpya
Samahani wakuu, nimefika mwisho bila kusoma mwanzo. Mimi navaa 41, je raba za Stan Smith za adidas nichukue ngapi?

IsevyaKwetu
Ya nani hiyo 41?

MgeniMpya
Ya kwangu.

SindanoNaUzi
Rudi mwanzo mwanangu. Tafuta karatasi, penseli na mtu wa kukuchorea.

MzeeWaAsali
Wadau, mzigo umefika Tabora salama. Nimezivaa jana kwenda sokoni na kurudi. Mbele kina kidole kimoja kasoro, kisigino kimetulia, mikunjo imeangukia penye kifundo. Ila zile alama za mikunjo za mwanzo za mwanangu zipo bado, kwa hiyo pua ina mistari miwili, wake na wangu. Kiatu cha kushoto hakina kamba.

MwishoWaReli
Kamba nimeiona leo, iko chini ya kitanda, niliivua kujaribu kile kitanzi cha fundi. Naituma na basi la kesho. Asali imefika, mama watoto kasema niendelee kununua viatu vikubwa.